Mpira wa meza: pointi haziwekwi akiba

Mwezi Agosti mwaka 2025, katika mji wa Malmö kusini mwa Sweden, kijana wa nchi hiyo aitwaye Truls Möregårdh alimshinda Lin Shidong wa China katika fainali ya wanaume ya mashindano ya mpira wa meza yaitwayo Europe Smash. Alikuwa mchezaji wa kwanza kutoka Ulaya kutwaa taji la ngazi hiyo katika mchezo wa mmoja mmoja, na alilitwaa mbele ya watu wa nyumbani kwake.

Habari kama hizo zikisomwa redioni huchukua nusu dakika, kisha tunahamia kwenye kandanda. Msikilizaji anabaki na maswali. Smash ni kitu gani? Inatofautianaje na Kombe la Dunia, au na Mashindano ya Ubingwa wa Dunia, au na Olimpiki? Na kama huyu bwana ameshinda, mbona juma linalofuata yuko uwanja mwingine katika nchi nyingine, anaanza tena na raundi ya kwanza kama vile hakushinda kitu? Juma hili nimeona tukae kitako tueleze jinsi msimu wa mpira wa meza wa kulipwa unavyokwenda. Mwisho wa maelezo tutaona kwamba jambo hili linatuhusu hata sisi ambao wachezaji wetu hawaonekani sana katika orodha hizo.

Tuanze na mchezo wenyewe. Wengi tunaujua kutoka shuleni, vyuoni, au kwenye kumbi za vilabu vya wafanyakazi: meza, wavu, vibao viwili na kampira kepesi. Wale waliojifunza zamani watakumbuka kucheza hadi pointi 21, kila mmoja akianzisha mara tano mfululizo. Tangu mwaka 2001 mambo ni tofauti. Seti moja huisha kwenye pointi 11, mradi mshindi awe amemzidi mwenzake kwa pointi mbili, na kila mchezaji huanzisha mara mbili tu kisha hupokea. Katika mashindano makubwa, raundi za mwanzo kwa kawaida ni kushinda seti tatu kati ya tano, na zile za mwisho ni kushinda seti nne kati ya saba. Mtu anaweza kusafiri saa ishirini, akacheza dakika ishirini na tano, akatoka. Tutalirudia jambo hilo.

Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Meza lilianzishwa mwaka 1926, na mwaka huohuo Mashindano ya Ubingwa wa Dunia ya kwanza yalifanyika London. Kwa miaka mingi baada ya hapo hapakuwa na msimu kwa maana tunayoielewa leo. Chama cha nchi moja kiliandaa mashindano yake ya wazi, cha nchi nyingine yake, na mchezaji alikwenda pale alikoweza. Mwaka 1996 ndipo shirikisho lilipoyaunganisha mashindano hayo katika mzunguko mmoja ulioitwa Pro Tour, wenye pointi zinazojumlishwa na fainali ya mwisho wa mwaka kwa waliofanya vizuri zaidi.

Mzunguko huo uliendelea, ukabadilishwa jina njiani, hadi janga la korona lilipofunga kumbi. Ulipofufuka, mwaka 2021, ulikuwa na sura mpya. Shirikisho lilikuwa limeunda kampuni ya kusimamia biashara ya mchezo, iitwayo World Table Tennis, kwa kifupi WTT, yenye makao yake Singapore. Mashindano ya kwanza ya mzunguko huo mpya yalichezwa Doha, Qatar, mwezi Machi 2021.

Sasa, mzunguko huu ni ngazi, na kila kidato kina jina lake na thamani yake. Nitaitaja kama ilivyokuwa katika msimu wa 2025.

Kidato cha chini kwa watu wazima huitwa Feeder. Mshindi wa mchezo wa mmoja mmoja hapa hupata pointi 125. Juu yake ni Contender, ambapo mshindi hupata pointi 400. Kisha Star Contender, pointi 600. Kisha Champions, ambayo ni ya wachezaji 32 tu wa kiume na 32 wa kike, bila michezo ya wawili wawili, na mshindi huondoka na pointi 1,000. Kileleni ni Grand Smash, yenye wachezaji 64 kwa kila upande katika mchezo wa mmoja mmoja, pamoja na michezo ya wawili wawili na ile ya mwanamume na mwanamke kwa pamoja. Mshindi wake hupata pointi 2,000. Zawadi za wanaume na za wanawake ni sawa.

Wanaofuatilia tenisi ya uwanjani watatambua mara moja kwamba jina Grand Smash halikuokotwa barabarani. Nia ilikuwa kuwa na mashindano manne makubwa kila mwaka, kama tenisi ilivyo na manne yake. Lakini hayakufika manne kwa siku moja. Mwaka 2022 na 2023 yalikuwa moja tu kila mwaka, Singapore. Mwaka 2024 yakawa matatu: Singapore, Jeddah huko Saudi Arabia, na Beijing. Mwaka 2025 ndipo yalipotimia manne: Singapore mwezi Februari, Las Vegas mwezi Julai, Malmö mwezi Agosti, na Beijing kuanzia mwishoni mwa Septemba.

Mwisho wa mwaka huja fainali za WTT. Wanaoalikwa ni 16 tu katika mchezo wa mmoja mmoja kwa kila upande, wale waliokusanya zaidi katika mwaka. Mwaka 2024 fainali hizo zilichezwa Fukuoka, Japani, na mwaka 2025 zilikuwa Hong Kong.

Kando ya ngazi hii yako mashindano matatu ambayo si ya kampuni bali ni urithi wa mchezo wenyewe: Olimpiki, Mashindano ya Ubingwa wa Dunia, na Kombe la Dunia. Nayo huingizwa katika hesabu ileile. Bingwa wa Olimpiki au wa dunia katika mchezo wa mmoja mmoja hupata pointi 2,000 na mwenye Kombe la Dunia hupata 1,500. Ndiyo maana mwezi Aprili 2025, Hugo Calderano wa Brazil alipomfunga Lin Shidong katika fainali ya Kombe la Dunia huko Macao, hakupata kikombe peke yake. Alipata pia pointi za kumpandisha miongoni mwa vigogo.

Hebu sasa tuingie kwenye hesabu, maana ndiyo roho ya jambo hili. Orodha ya ubora wa dunia hutolewa kila juma. Haihesabu kila mchezo ambao mtu amewahi kucheza. Inachukua matokeo yake manane yaliyo bora katika miezi kumi na miwili iliyopita, inayajumlisha, basi. Tokeo la tisa halina kazi mpaka moja kati ya yale manane litoke. Na kila tokeo lina umri wake. Likitimiza mwaka, linafutwa.

Tuchukue mfano wa mchezaji ambaye si maarufu, anayezunguka katika mashindano ya Contender peke yake. Hapo mshindi hupata 400, anayeshindwa fainali 280, anayeishia nusu fainali 140, robo fainali 70, na anayetolewa katika raundi ya wachezaji 16 hupata 35. Tuseme mtu wetu amekuwa na mwaka mzuri ajabu: ameshinda mara moja, amefika fainali moja, nusu fainali mbili, robo fainali mbili, na mara tatu ametolewa kwenye raundi ya 16. Hayo ni mashindano tisa. Manane bora yanampa pointi 1,170. Mwaka unageuka, na yale mashindano aliyoshinda yanatimiza umri wake. Pointi 400 zinatoka, na mahali pake linaingia tokeo la tisa, lenye pointi 35. Kutoka 1,170 ameshuka hadi 805, naye huenda siku hiyo alikuwa kitandani amelala. Hakufungwa na mtu. Amefungwa na kalenda.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Katika mchezo huu kibaba kinajazwa kweli, lakini kina tundu chini, na tundu hilo haliangalii ulijaza kwa jasho kiasi gani. Pointi haziwekwi akiba.

Linganisha sasa na upande wa juu. Anayeshindwa fainali ya Grand Smash, yaani mtu aliyefungwa, hupata pointi 1,400 kwa mashindano hayo mamoja. Hizo ni zaidi ya zile ambazo yule mchezaji wetu alizikusanya kwa mashindano manane katika mabara kadhaa. Anayeishia nusu fainali hupata 700. Kwa hiyo aliye juu, akifika hatua za mwisho mara mbili tatu, amejihakikishia nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayomwingiza tena katika Champions na Grand Smash nyingine, ambako pointi ni nyingi. Aliye chini hupiganiwa na kila mtu katika vidato ambavyo pointi ni chache. Hakuna hila hapo, na kanuni ziko wazi kwa wote. Ila ngazi yenyewe imejengwa hivyo: vidato vya chini vimebanana, na vya juu vina nafasi.

Lakini msidhani waliopo juu wamestarehe. Angalieni kalenda yao ya mwaka 2025. Januari ni Champions ya Doha, kisha Singapore Smash. Machi ni Champions ya Chongqing, China. Aprili ni Champions ya Incheon, Korea Kusini, na Kombe la Dunia, Macao. Mei ni Mashindano ya Ubingwa wa Dunia, Doha. Julai ni Las Vegas. Agosti ni Yokohama, Japani, halafu moja kwa moja Malmö. Septemba ni Macao tena, halafu Beijing. Oktoba ni Montpellier, Ufaransa. Novemba ni Frankfurt, Ujerumani. Desemba ni Hong Kong. Hapo sijataja Star Contender, mashindano ya bara, wala mechi za vilabu. Na walio katika nafasi za juu hawaruhusiwi kuchagua wapendavyo. Mashindano makubwa ni ya lazima kwao, na anayekosa bila sababu inayokubalika huandikiwa sifuri, na sifuri hiyo huhesabiwa kama tokeo mojawapo kati ya yale manane.

Hapo ndipo moto ulipowaka. Tarehe 27 Desemba 2024, Fan Zhendong wa China, ambaye miezi mitano kabla alikuwa ametwaa medali ya dhahabu ya mchezo wa mmoja mmoja katika Olimpiki ya Paris, alitangaza kwamba anajiondoa katika orodha ya ubora wa dunia. Siku hiyohiyo Chen Meng, bingwa wa wanawake wa Paris, naye akatangaza vivyo hivyo. Sababu iliyotajwa ilikuwa kanuni ya kuwatoza faini wachezaji wanaojitoa katika mashindano. Fan alieleza kwamba kwa hali yake ya wakati ule hakuwa na njia nyingine ila kuondoka katika orodha. Mabingwa wawili wa Olimpiki kwa siku moja! Yapo maoni mawili katika jambo hili, na yote yana uzito. Waandaaji wanasema wenye kununua tiketi na wenye televisheni wanalipia kuwaona vigogo, na vigogo wasipofika, biashara inakufa na zawadi zinakufa nayo. Wachezaji wanasema mwili una mpaka wake, na mtu aliyeumia au kuchoka hapaswi kulipishwa kwa kupumzika.

Mwaka 2025 Fan alikwenda kuchezea klabu ya Saarbrücken katika ligi kuu ya Ujerumani. Hilo linatufikisha kwenye suala la mkate.

Wengi hufikiri mchezaji wa kulipwa anaishi kwa zawadi za mashindano. Kwa wachache ni kweli. Singapore Smash ya mwaka 2022 ilikuwa na zawadi za jumla ya dola za Kimarekani milioni 2, na Champions hugawa laki kadhaa za dola. Lakini Contender nzima, wanaume na wanawake, mmoja mmoja na wawili wawili, hugawana kiasi cha dola 100,000 au pungufu. Ukizigawa kwa watu wote hao, ukatoa nauli na hoteli, aliyefungwa mapema amerudi nyumbani na deni. Kwa sababu hiyo wachezaji wengi wanakula kwenye vilabu: Ujerumani, Ufaransa, Japani, China na kwingineko. Klabu hulipa mshahara, hutoa kocha na wenzako wa kufanya nao mazoezi kila siku. Mzunguko wa dunia unampa mchezaji jina, klabu inampa chakula. Na ugumu wake ni kwamba klabu haimchukui mtu asiye na jina.

Je, mtu anaingiaje mlangoni? Hapeleki jina lake mwenyewe kama anayenunua tiketi ya basi. Jina hupelekwa na chama cha taifa lake, kabla ya tarehe ya mwisho, na kila nchi ina idadi yake. Wenye nafasi nzuri katika orodha huingia moja kwa moja kwenye droo kuu. Waliobaki hucheza mchujo siku moja au mbili kabla, wengi wakigombea nafasi chache. Nchi mwenyeji hupewa nafasi za upendeleo kwa wachezaji wake. Katika mashindano madogo, nauli na malazi ni juu ya mchezaji au chama chake. Yule niliyemtaja mwanzoni, wa saa ishirini angani na dakika ishirini na tano mezani, ndiye huyu wa mchujo. Akifaulu kuingia droo kuu ya Contender na kufungwa katika raundi ya kwanza, anapata pointi nne. Nne!

Pamoja na hayo, Afrika imepanda ngazi hii. Segun Toriola wa Nigeria alicheza Olimpiki saba, kuanzia Barcelona mwaka 1992 hadi Rio mwaka 2016. Mwenzake Funke Oshonaike naye alifikisha saba, kuanzia Atlanta mwaka 1996. Quadri Aruna, pia wa Nigeria, alifika robo fainali huko Rio, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kuingia kumi bora ya dunia. Omar Assar wa Misri alifika robo fainali ya Olimpiki za Tokyo na Paris. Aruna amechezea vilabu vya Ureno na Ujerumani. Yaani alipata vyote viwili, jina na chakula.

Tujiulize kwa nini ni Misri na Nigeria. Misri iliandaa Mashindano ya Ubingwa wa Dunia jijini Cairo tangu mwaka 1939, na Afrika haikuyapata tena hadi Durban mwaka 2023. Nigeria ilikuwa na mashindano ya wazi ya Lagos ndani ya mzunguko wa zamani, na tangu mwaka 2023 Lagos imeandaa Contender. Tunis nayo imekuwa ikiandaa tangu mwaka 2021. Mashindano yakiwa nyumbani, hesabu inageuka. Kijana wa Lagos anapanda basi kwenda ukumbini. Anapewa nafasi ya upendeleo au anacheza mchujo bila kulipia ndege. Anayetoka Asia au Ulaya ndiye anayekodi hoteli. Kijana huyo akifungwa katika raundi ya kwanza, amepoteza mchana mmoja, na zile pointi nne ni zake. Mwakani atajaribu tena.

Sasa tuangalie upande wetu wa Afrika Mashariki. Watoto wenye mkono mwepesi wapo. Ingia katika shule yoyote yenye meza utawaona wamepanga foleni. Lakini kwa ngazi tuliyoieleza, mkono mwepesi ni nusu ya safari. Kumpeleka kijana mmoja mara moja katika mashindano ya mbali, kwa mchango uliokusanywa usiku wa kuamkia safari, kisha kumlaumu kwa kutolewa mapema, ni kutoelewa mchezo unavyohesabiwa. Safari moja haimfikishi mtu popote. Orodha inataka matokeo manane, na inayataka ndani ya mwaka mmoja, na mwaka unaofuata inayataka tena upya.

Kwa hiyo chama chenye fedha kidogo, na vyama vyetu vyote vina fedha kidogo, kingefanya vyema kuchagua wachezaji wawili au watatu badala ya kumi, na kuwapangia mwaka mzima badala ya safari moja. Kingetazama kwanza Lagos na Tunis kabla ya kutazama Asia. Na hapana ubaya nchi zetu zikikaa pamoja zikajiuliza kama haziwezi kuandaa kwa zamu walau mashindano ya kidato cha chini, ili vijana wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali wapate pointi zao za kwanza bila kupanda ndege. Ukumbi mmoja mzuri, meza zinazokubalika, waamuzi waliosomea. Si vitu vya miujiza.

Wakati mwingine basi, msikilizaji, ukisikia redioni kwamba fulani ametolewa raundi ya kwanza huko ng'ambo, usicheke haraka. Uliza kwanza amecheza mashindano mangapi mwaka huo, na nani alilipa nauli. Na ukisikia fulani ametwaa Grand Smash, mpe hongera yake, kisha ukumbuke kwamba zile pointi 2,000 amekopeshwa kwa mwaka mmoja tu. Möregårdh mwenyewe alipoinua kikombe kile cha Malmö, saa ya kuzirudisha ilikuwa imekwisha kuanza kuhesabu.

Hadi juma lijalo, majaliwa.